Jumamosi Ambayo Mazutu Hayakuisha

Katungu alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa kwangu Beni, nimekaa mlangoni nachambua maharagi, akaniambia mama yake amefariki na kwamba Butembo wananingojea. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "Yaya, mama ameenda. Na iko neno alituachia, njo mana unapashwa kuya wewe mwenyewe." Nilimwuliza ni neno gani, akasema si la kusemea kwenye simu. Nikamaliza maharagi yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa namna hiyo, habari mbaya ikinikuta na kazi mkononi kazi naimaliza kwanza. Halafu nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Zaidi ya miaka ishirini nimeishi nikijua kwamba siku moja nitasimama mbele ya jeneza la mwanamke yule na kujiuliza kama nilimsaidia au nilimharibia maisha. Siku yenyewe ilikuwa imefika, na jibu sikuwa nalo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Masereka kwenda Butembo kusoma, lakini vita vya pili vilikuwa vimeshika nchi, walimu hawalipwi, shule inafunguliwa wiki mbili na kufungwa wiki tatu, na mimi nikabaki mjini kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko njaa ya kubaki. Nililala katika chumba cha nyuma kwa Mama Katungu. Ilikuwa nyumba ya matofali kwenye mteremko, ya vyumba vinne, ambayo mume wake, Kasereka, aliijenga kidogo kidogo kwa kazi ya kuendesha malori ya watu. Nikifumba macho sasa hivi naiona ile salon, sebule yao: viti sita vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria, saa ya ukutani iliyosimama, na kwenye kona televisheni iliyofunikwa kitambaa cheupe kama altare. Chini yake ilikuwa betri ya lori. Kasereka aliiacha siku alipoondoka, akisema ni ya akiba, na betri ile ndiyo iliyotufanya tuwe nyumba pekee ya mtaa wetu iliyoweza kuangalia télé. Kila Jumamosi saa kumi majirani walikuja na vigoda vyao, wakavua viatu kwenye mlango, wakajibana.

Kituo chenyewe cha télé kilikuwa cha mfanyabiashara mmoja wa mjini, tuliyemwita Bos. Alienda Dubai kununua vigae na misumari, akarudi pia na mashine ya kurushia picha, akaiweka nyuma ya dépôt, ghala lake la vyuma. Siku za wiki alionyesha misa, matangazo ya vifo na bei za vigae vyake. Jumamosi alionyesha filamu. Filamu alizipata zote katika sanduku moja, la mwalimu mzungu aliyekimbia vita vilipoanza: kaseti karibu sitini, filamu za zamani za Wamarekani, za Hollywood, nyingi nyeusi na nyeupe, zimetiwa maneno ya Kifaransa. Wanaume wote humo walivaa kofia. Wanawake walilala na rangi ya midomo na kuamka nayo. Bos hakuwa na subira ya kuziangalia, na alijua kwamba watu wake wengi Kifaransa hakiwaingii vizuri, basi akatafuta mtu wa kuziangalia kabla, kuchagua moja, na kusimama mbele ya kamera kuwaambia watu kwa Kiswahili kwa nini waiangalie. Nilikuwa nimeenda dépôt kununua msumari wa kutundikia kioo. Aliniuliza kama najua Kifaransa, nikasema najua, na jioni ile nikarudi nyumbani na kazi, nikauacha msumari pale juu ya meza yake.

Mtu asiyekuwa wa kwetu hataelewa kazi ile bila kuelezwa jambo moja. Télé ilitembea kwa groupe, jenereta la mazutu, yaani dizeli, na mazutu ya Jumamosi yalikuwa ya kupimwa: misa ya watoto, matangazo, halafu filamu mpaka yaishe. Na siku zote yaliisha kabla ya filamu. Mwanamke anamwinamia mwanaume aliyepigwa risasi, anafungua mdomo amwambie neno, na pap, picha inakuwa kadoti kadogo katikati ya kioo na kupotea. Mara ya kwanza watu walimtukana Bos. Mara ya pili walinijia mimi. Mama mmoja wa sokoni aliniambia bila kucheka, "Wewe ukinishauri niangalie kintu na hauniambie namna inaisha, umeniibia." Basi kutoka hapo ikawa desturi yetu. Nilisimama mbele ya kamera, nikasalimia, na nilianza na mwisho. "Leo iko filamu ya polisi wa koti refu. Muuaji ni yule daktari, muangalie mikono yake tangu mwanzo." "Leo iko matajiri wawili wanatukanana hoteli nzima, mwisho wanaoana, mutacheka." "Leo iko mchunga ng'ombe. Anakufa. Lakini farasi yake inaifikisha barua." Watu walipenda hivyo. Walisema filamu ambayo mwisho unaujua unaiangalia ukiwa umetulia, moyo haukudundi bure, unaona jinsi mambo yanavyojipanga. Mji ule wakati ule ulikuwa umechoka na mambo yasiyojulikana mwisho wake. Kila mwezi kamanda mpya, kila mwezi barrière mpya ya askari barabarani. Mtu akipata hata hadithi moja ya kujua inaendea wapi, alishukuru.

Kasereka hakuwa na mwisho. Alikuwa ameondoka na lori la kahawa kuelekea Beni, na kutoka Beni aingie njia ya Mangina kupakia mzigo mwingine, siku nne kwenda na kurudi. Beni walimwona. Alikunywa chai kwa mama mmoja karibu na rond-point, penye mzunguko wa barabara, akanunua sabuni. Baada ya sabuni ile hakuna aliyejua lolote. Lori halikuonekana, kijana wa kupakia hakuonekana, na wakati ule njia ile ilikuwa na watu wa msituni, na askari, na watu ambao asubuhi ni hawa na jioni ni wale. Miezi minane ilipita. Mama Katungu aliendelea kuuza mafuta ya mawese na kumpeleka binti yake wa miaka tisa shule, na jioni gari likipanda mteremko wetu mwiko ulisimama ndani ya sufuria mpaka lipite. Gari likishapita alikoroga tena.

Kambale, kaka mkubwa wa Kasereka, alianza kuja siku za Jumapili. Nisije nikamsema vibaya, alikuwa mtu mpole, mwenye koti moja la kijivu, na alikuwa amekimbia shamba lake upande wa Lubero na watoto tisa. Chumba changu kilipakana na salon, ukuta ni mwembamba, na mimi masikio ninayo. "Shemeki," namsikia, "miezi munane. Mutu hapotei miezi munane na yuko muzima. Tumukalie matanga, roho yake ipumuzike." Mama Katungu anajibu, "Ukimukalia matanga mutu mwenye hayakufa, njo unamuuwa." Kijiko kinagonga kikombe. "Batoto yangu tisa banalala mu byumba bibili, shemeki. Mvua ikinyesha tunasimama." Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa, na kila mtu alijua. Matanga yakikaliwa, Kasereka anahesabiwa amekufa. Akihesabiwa amekufa, nyumba inarudi kwa ukoo, yaani kwa Kambale, na mjane anarudishwa kwa ndugu zake Kyavinyonge kukausha samaki. Jumapili moja wazee wa ukoo walikuja naye. Wakampa Mama Katungu mpaka mwisho wa mwezi akubali matanga.

Wiki ile ile, Jumatano, nikiwa peke yangu nyuma ya dépôt na mashine ya kaseti, niliangalia filamu ya mwanamke wa pasi. Hivyo ndivyo tulivyoiita baadaye, jina lake la Kifaransa nimelisahau. Mwanamke wa mji mdogo, mume wake dereva wa treni, ameitwa vitani ng'ambo ya bahari. Barua zinakuja, halafu haziji. Watu wanamwambia aolewe na mwenye duka, mtu mzuri. Yeye kila Jumamosi anapiga pasi shati la mume wake, shati lile lile, analirudisha kabatini. Filamu nzima hakuna anayepigwa hata kofi, na mimi nilikaa pale kwenye magunia ya saruji nikiuma kidole. Mwishoni mlango unagongwa. Anaacha pasi, anafungua. Ni askari mfupi, hajawahi kumwona, ameshika kofia mbili: moja yake, na moja kubwa kidogo. Anampa ile kubwa. Yeye anaipokea, anaigeuza, anasoma ndani jina. Pasi inaunguza shati nyuma yake, moshi unapanda, na filamu inaisha.

Nilirudi nyumbani nikakuta Mama Katungu anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaketi kumchambulia vitunguu. Aliniuliza, kama alivyoniuliza kila Jumatano, "Jumamosi utatushauri nini?" Ningeweza kuchagua nyingine, sanduku lilikuwa limejaa. Lakini nilikuwa bado nimelewa na filamu ile, nikaanza kumsimulia mwanamke wa pasi, na kadiri nilivyosimulia mchi ulipungua mwendo, mpaka ukasimama. "Na ule bwana yake?" akauliza. "Anarudia?" Alikuwa haniangalii. Alikuwa anaangalia majani ndani ya kinu. Jamani, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nampenda mama yule, na nilijua mazutu ya Jumamosi hayajawahi hata siku moja kufika mwisho wa filamu. Nikasema, "Anarudia, Mama. Mlango unagongwa, anafungua, ni yeye." Akauinua mchi, akatwanga kama mara kumi hivi, kwa nguvu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitazamia hata kidogo. "Jumamosi nitamwita shemeki akuye aangalie. Na bale bazee kama banaweza. Baone kama kungoja si bazimu."

Siku tatu nilitembea na uongo ule tumboni. Kukiri nilitaka, nikaogopa, nikajiambia groupe litazima, litanisitiri. Jumamosi saa kumi na robo nikasimama mbele ya kamera na kuusema tena, safari hii kwa mji mzima: "Muangalie namna mwanamke anangoja. Wote wanamcheka. Mwisho mlango unagongwa na ni mume wake amerudi." Nikaagana na watazamaji, nikatoka nyuma, na hapo nikamkuta Muhindo, fundi wa groupe, anamimina mazutu kwa furaha, na kando yake mapipa mawili yamejaa. Malori ya Bos, yaliyokuwa yamekwama wiki sita upande wa Kasindi, yalikuwa yameingia mchana ule, yote, bila hata tairi moja kupungua. "Bos anasema leo filamu ifike mwisho," Muhindo akaniambia. "Batu nabo bafurahi." Nilimshika mkono. Nilimwambia azime kama kawaida, dakika kumi tu kabla, nitamwoshea nguo mwezi mzima. Alinicheka. Alidhani natania. "Yeye mwenyewe iko naangalia na bageni yake. Unataka anifukuze kazi?"

Nilikimbia kupanda mteremko wetu. Salon ilikuwa imejaa hivi kwamba Katungu alikaa juu ya kabati. Kambale alikaa kwenye kiti kizuri, koti lake la kijivu limepigwa pasi, na wazee wawili pembeni yake, kila mmoja na sahani ya bugali, sombe na samaki wa Kyavinyonge. Mama Katungu alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alikuwa anawahudumia kama mtu anayesherehekea, na aliponiona mlangoni alinitabasamia, na tabasamu lile bado linanichoma. Nilimfuata jikoni. Nilisema, "Mama, iko kintu." Akaniwekea sahani mkononi. "Pelekea mzee. Utaniambia kisha filamu." Nikaipeleka. Ningeweza kusema pale pale jikoni, maneno matatu yangetosha, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini mdomo wangu, uliokuwa mwepesi mbele ya mji mzima, ulikataa mbele ya mtu mmoja. Nilikuwa mwoga, hakuna jibu lingine. Nikaenda kukaa sakafuni karibu na betri. Ndiyo, nilifikiria pia kuichomoa. Waya ulikuwa hapa, karibu na goti langu. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwenye kioo, juu yangu kidogo tu, na ningeonekana.

Waliiangalia vizuri, filamu ile. Mwenye duka alipoleta maua, mwanamke mmoja nyuma alisema, "Mufukuze," na wote wakacheka, na hata Kambale alicheka. Kila shati lilipopigwa pasi, Mama Katungu alivuta pumzi taratibu. Saa ambayo picha huzima ilifika ikapita. Watu wakaanza kutazamana. "Leo inaenda," mtu akasema. Mlango ukagongwa, kule ndani ya kioo, na Mama Katungu akasimama kabisa, mikono kifuani. Askari mfupi akatokea na kofia mbili. Nilisikia moshi wa shati kana kwamba unatoka jikoni kwetu. Halafu maandishi yakapanda, ambayo hatukuwa tumeyaona hata mara moja kwenye télé yetu, majina mengi ya Wazungu, na vichwa vyote ndani ya salon vikanigeukia mimi.

Kambale hakushangilia, lazima niseme hivyo. Aliweka sahani yake chini. Alisema kwa sauti ya chini, "Umeona, shemeki." Mama Katungu alikwenda mpaka kwenye télé, akaizima, akaifunika kitambaa chake, akakinyoosha pembe zote nne. "Nimeona," akasema. "Nimeona kuliko wewe. Ule mwanamuke, nani alimuletea habari?" Kambale akasema askari. "Askari mwenye alikuwa wapi?" "Alikuwa naye kule." "Na alikuya mikono mitupu?" Mzee mmoja akamjibia Kambale: alileta kofia. "Donc, basi," akasema Mama Katungu. "Hata kule kwao, mutu hawezi kufwa ju batu banasema. Mutu mwenye aliona anakuya mpaka ku mulango, na kintu mu mukono. Wewe unaniletea nini? Unaniletea miezi munane. Leta mutu mwenye aliona. Leta kintu yake moja tu. Ile siku nitakaa chini, nitanyoa kichwa, na nyumba utabeba, sitasema neno. Bote banasikia." Majirani wote walikuwa wamesikia, karibu watu ishirini, na wazee wa ukoo wenyewe wakiwa na sombe yake mdomoni. Neno lililosemwa namna ile mbele ya watu wengi hivyo kwetu linakuwa mkataba. "Sawa, shemeki," akasema Kambale. Akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka, na hakumtajia matanga tena.

Watu walipotoka nilibaki jikoni nimesimama karibu na sufuria, sijui niweke mikono wapi. Aliingia, akaonja sombe iliyobaki, ile niliyoipika mimi asubuhi kwa ajili ya wageni. "Haina chumvi," akasema. "Yote ulimaliza ku filamu." Nikaanza kulia, akaniachia nilie, akapakua chakula chake, akala. Hakunifukuza wala hakunikumbatia. Mjini watoto walinizomea wiki nzima, nikipita sokoni wananifuata nyuma wakiita, "Anarudia!" na akina mama waliniuliza kila Jumamosi kama mwisho nitakaoutoa ni wa filamu au ni wangu. Bos alicheka mpaka akakohoa, akaniacha na kazi. Sikudanganya tena mbele ya kamera. Mwaka uliofuata mashine iliharibika, nikaolewa Beni, na kaseti ziliishia sijui wapi.

Lakini kadiri miaka ilivyopita ndivyo ushindi wa siku ile ulivyonitia mashaka. Alibaki na nyumba yake, kweli. Katungu alisoma humo, akaolewa humo. Lakini Mama Katungu alikuwa amejifunga mwenyewe kwa masharti ambayo hakuna mtu angeweza kuyatimiza, na aliyatoa kwenye filamu niliyomletea mimi. Katekista mmoja mjane alimtaka, akakataa. Hakunyoa, hakuvaa nyeusi, hakumwombea mume wake misa ya marehemu, akawa si mke si mjane, na gari likipanda mteremko mwiko ulisimama, nimeliona hilo kwa macho yangu miaka kumi na mitano baadaye. Safari ile nilimwuliza. Tulikuwa jikoni, televisheni mpya ya Katungu ilikuwa inaonyesha filamu ya zamani huko salon. "Mama, nilikukosea?" Alifunika sufuria kwanza. "Wewe ulinidanganya kutoka Jumatano mpaka Jumamosi," akasema. "Miezi munane sikulala. Zile siku tatu nililala. Nililala kabisa, kama mutoto." Nikangoja aendelee, aniambie na miaka iliyofuata, lakini hakuendelea. Aliniuliza tu ile filamu ya salon inaisha namna gani, na kama nimeshaiona nimwambie.

Siku ya mazishi nilipofika Butembo nilimkuta amelazwa katika salon ile ile, jeneza mahali pa viti, télé imesogezwa. Katungu aliniketisha karibu naye kwenye mkeka na kuniambia neno lililoachwa: siku munanilia mimi, mumulilie na Papa Katungu, siku moja, mbele ya hapo hapana. Yaani matanga mawili kwa pamoja, yake na ya Kasereka. Saa ya maneno ilipofika, mchana, uwanja umejaa watu chini ya hema, Kambale aliomba asimame. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, na wajukuu wawili walimshika. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko mdogo wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Aliukunjua pole pole. Ndani kulikuwa na permis ya kuendeshea gari, imepauka, na picha ya Kasereka juu yake.

"Mwaka moja kisha ile filamu," akasema, "mutu wa Mangina alinitafuta. Alimuona. Yeye njo alimuzika, na mikono yake, pembeni ya shamba ya kahawa. Aliniletea hii." Akaiinua ile permis watu waione. "Nilibeba hii nikakuya hapa. Mara ya kwanza nilifika ku mulango, nikamusikia anacheka na mutoto yake mu salon. Nikarudia. Mara ya pili nilibisha. Alifungua, na mbele ya kuangalia uso yangu aliangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeweka mu mufuko. Akaona iko mitupu, akaniambia, 'Ingia, shemeki, ukule.' Nikaingia. Nikakula. Sikurudisha tena mukono mu mufuko." Akafuta uso kwa kiganja. Wazee wale wawili walishakufa zamani, na mimi nilikuwa nawaza watoto tisa wanaosimama mvua ikinyesha, miaka yote ile, na karatasi ile katika koti la baba yao. Nilikuwa nimemhesabu mtu yule kuwa upande mwingine tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Niliona aibu, nikaona pia kitu kama kupumzika, kwa sababu mzigo niliodhani ni wangu peke yangu mwenzangu alikuwa ameubeba pia, ukiwa mzito zaidi.

Katungu aliipokea ile permis. Aliiangalia kwa muda, baba yake kwenye picha akiwa mdogo kuliko yeye alivyo sasa, halafu akaingia salon akaiweka chini ya mikono ya mama yake, ndani ya rozari. Alipotoka alikaa chini, na wanawake wa ukoo wakakaa chini pamoja naye. Kambale alikuwa bado amesimama. Aliinua fimbo akanionyesha. "Wewe wa télé," akasema. "Simama. Batoto hawa habajue. Utuambie habari ya bote bawili, mambo yao yote. Lakini leo ya kweli."

Nikasimama. Nyuso zilikuwa nyingi, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Nilisalimia kama nilivyosalimia zamani mbele ya kamera, na kama zamani nikaanza na mwisho.

"Mwanaume hakurudia," nikasema. "Sasa mumejua. Mukae muzuri, niwaelezee."